Bunia: Kumpasua mbwa si kazi, kazi ni kumuuguza

Leo nataka tuongee juu ya mbwa aliyepasuliwa. Najua wengine wataguna. Lakini nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linagusa mfuko wako, usingizi wako wa usiku na usalama wa watoto wako.

Mbwa wa hapa kwetu anapasuliwa kwa sababu zinazojulikana. Moto imemgonga barabarani na mguu umesagika. Amekatwa panga usiku akilinda kiwanja. Jike ameshindwa kuzaa, au kizazi chake kimejaa usaha. Mwingine amemeza mfupa au kamba na tumbo limeziba. Wengine wanapasuliwa bila ugonjwa wowote, ili wasizae tena. Mwenye mbwa anachangisha franka, anakodi moto, anamfikisha kwa daktari wa mifugo. Daktari anamaliza kazi yake kwa saa moja au mbili. Kisha anakurudishia mbwa mikononi, bado amelewa dawa ya usingizi, tumbo lina nyuzi.

Wengi wetu tunadhani hapo mambo yamekwisha. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo yanaanza. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi naongeza: kumpasua mbwa si kazi, kazi ni kumuuguza. Siku 14 zinazofuata ni za familia, na familia yoyote inaweza kuzifanya vizuri, hata ile inayolala chini ya shitingi. Siku hizo zinadai macho na uvumilivu kuliko pesa.

Na watu je?

Swali la kwanza ninalolisikia kila mara ni hili: utahangaikia mbwa namna gani wakati watu wanalala njaa? Ni swali la haki. Tangu Desemba 2017, vita viliporudi Djugu, watu wengi sana wa Ituri wamekimbia makwao, wengine mara mbili, wengine mara tatu. Kuna mama ambaye sasa hivi hajui watoto watakula nini jioni. Siwezi kumwambia mama huyo achukue chakula cha mtoto ampe mbwa, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia hivyo.

Lakini tuangalie ukweli. Mbwa wamo kambini tayari. Wengine walifuata wenye nyumba kwa miguu mpaka Bunia bila kufungwa hata kamba. Ng'ombe waliporwa, mbuzi waliuzwa kwa hasara, nyumba zilichomwa. Kuna mtoto ambaye mbwa ndiye kitu pekee alichobaki nacho cha kijiji chake. Mtoto huyo ameshaona watu wakizikwa. Ukimwachia mbwa wake afie nyuma ya choo, unamfundisha kwamba kila anachokipenda kitaoza mbele ya macho yake na hakuna la kufanya. Ukimwonyesha namna ya kumuuguza mpaka asimame tena, umemfundisha jambo lingine kabisa.

Majirani zetu wa Gulu, kaskazini ya Uganda, wameliona hili kabla yetu. Vita vya LRA viliwasukuma watu wengi sana kambini kwa miaka. Ni LRA hiyo hiyo iliyokuja kuua watu Haut-Uélé, mlangoni petu, Krismasi ya mwaka 2008. Kule Gulu, Francis Okello Oloya, aliyepofuka akiwa na miaka 12 bomu lililobaki shambani lilipolipuka, alianzisha mradi wa kuwaunganisha manusura wa vita na mbwa. Mradi huo unafanya kazi na shirika la BIG FIX Uganda, lenye hospitali ya wanyama huko. Mbwa wasio na mwenyewe wanachanjwa, wanapasuliwa wasizae, wanauguzwa mpaka wapone, kisha wanakabidhiwa kwa mtu aliyeumizwa na vita. Mtu huyo anafundishwa kumlisha, kumsafisha na kutembea naye. Kazi hiyo ndogo ya kila siku inamrudisha mtu katika maisha. Watu wa Gulu walitoka kambini kama wetu, na hawakuona aibu kujali mbwa.

Wengine wanasema kutunza mbwa ni mambo ya Wazungu. Hapana. Msitu wetu wa Ituri ni mmoja wa misitu alikotoka mbwa ambaye dunia nzima inamwita basenji, yule asiyebweka kama wengine. Wawindaji wa msituni wanamfunga kengele ya mti shingoni ili wajue amefika wapi. Babu zetu walimjua mbwa, walimlisha na walimhitaji kabla Mzungu hajafika hapa. Tulichokosa siyo mapenzi. Tumekosa maarifa ya kumuuguza mbwa baada ya kisu cha daktari. Hayo ndiyo nataka tugawane.

Usiku wa kwanza

Mji wa Bunia uko juu, mita zaidi ya 1200 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi inauma. Dawa ya usingizi inashusha joto la mwili wa mbwa, na mwili unachelewa kulirudisha. Kwa hiyo usiku wa kwanza kazi kubwa ni mbili: joto na ukavu. Tandika katoni au gunia chini, juu yake weka kikwembe cha zamani, mfunike mgongo. Kama mvua inaingia chini ya shitingi, nyanyua kitanda chake kwa vipande vya mbao au majani makavu. Usimlaze karibu na makala ya moto, kwa sababu bado amelewa na anaweza kujiangusha humo. Usimlaze juu ya kitanda cha watu pia, ataanguka na nyuzi zitakatika.

Anaweza kulia, kutetemeka, hata kutapika mara moja. Mara nyingi ni dawa inayotoka mwilini. Usimnyweshe maziwa wala uji kwa kijiko ukidhani unampa nguvu. Koo lake bado limelala, na kinywaji kinaweza kuingia kwenye mapafu kikamwua. Subiri mpaka anyanyue kichwa vizuri na kusimama mwenyewe. Ndipo umpe maji kidogo kidogo, na baadaye chakula kidogo.

Watoto wakae mbali usiku huo. Mbwa aliyelewa hamtambui vizuri hata aliyemlea, na anaweza kuuma bila kukusudia. Mtu mzima mmoja achukue kazi ya kumwangalia.

Kidonda na ulimi

Angalia kidonda mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kukiwa na mwanga. Siku mbili tatu za kwanza wekundu kidogo na uvimbe mdogo si ajabu. Kila siku kidonda kinatakiwa kuonekana afadhali kuliko jana. Hiyo ndiyo kipimo chako, na haihitaji shule.

Sasa nasema wazi, kwa sababu ninaona mambo haya mitaani: usiweke majivu. Usiweke mafuta machafu ya gari, petroli, maji ya betri, tumbaku wala chumvi kavu. Vitu hivyo vinaunguza nyama mpya inayojaribu kuungana, na mbwa anavilamba vinaingia tumboni. Kama kuna uchafu pembeni ya kidonda, chemsha maji, yaache yapoe, tia chumvi kidogo tu, panguza pembeni kwa kitambaa safi. Basi. Usimwogeshe mpaka nyuzi zitolewe. Mweke mbali na jalala na choo, kwa sababu nzi akitaga kwenye kidonda, kesho kutwa utakuta funza.

Kuna imani kwamba mate ya mbwa ni dawa, basi aachwe ajilambe. Imani hiyo imeua mbwa wengi. Mdomo wa mbwa umejaa vijidudu, ulimi wake unakwaruza, na meno yake ya mbele yanajua kung'oa uzi mmoja mmoja. Mbwa anaweza kufungua tumbo lake mwenyewe wakati umekwenda kuteka maji. Dawa yake ni kumzuia. Wenye duka wanauza kola ya plastiki. Asiye na pesa atafute ndoo kuukuu, akate tundu kwenye kitako kichwa kipite, afunike makali ya tundu kwa kitambaa, aifunge kwenye mkanda wa shingo. Hakikisha anaweza kupumua na kunywa maji. Kwa kidonda cha tumbo, shati kuukuu la mtoto linafaa: miguu ya mbele ipite kwenye mikono ya shati, kisha lifungwe fundo mgongoni. Likilowa au kuchafuka, libadilishe.

Watu watacheka wakimwona mbwa amevaa ndoo. Waache wacheke siku 14.

Dawa za famasi si za mbwa

Hapa ndipo huruma yetu inapoua. Mbwa analia kwa maumivu, mwenyewe anakimbia famasi ya kona, anarudi na paracétamol, ibuprofène au diclofénac, anafunga kidonge ndani ya bugali. Nia ni nzuri. Lakini mwili wa mbwa hauzichomi dawa hizi kama mwili wa mtu. Ibuprofène na diclofénac zinatoboa tumbo lake na kuharibu figo. Paracétamol ikizidi inaharibu ini na damu. Mbwa aliyevuka salama kisu cha daktari anakufa siku ya tatu kwa kidonge cha kichwa, kisha tunasema daktari hakujua kazi.

Zipo dawa za maumivu za mbwa, na daktari ndiye anayejua kipimo kulingana na uzito. Mwombe kabla hujaondoka kwake. Kama ametoa dawa ya kuua vijidudu, maliza siku zote alizosema, hata ukimwona mbwa anakimbia siku ya tatu. Usigawie jirani vidonge vilivyobaki.

Chakula na kamba

Mbwa mgonjwa hahitaji nyama ya sikukuu. Mpe chakula laini kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku: mchele au bugali laini na supu ya samaki isiyo na chumvi. Makayabo ina chumvi nyingi, iacheni. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano na inaweza kutoboa utumbo. Maji safi yawepo wakati wote. Anaweza kukaa siku mbili tatu bila kupata choo kikubwa, hasa kama hakula kabla ya kupasuliwa. Lakini mkojo unatakiwa kutoka ndani ya masaa 24.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumtuliza. Kufikia siku ya tano hivi, mbwa anajisikia mzima, anataka kukimbiza pikipiki na kupigana na mbwa wa jirani. Nje kidonda kinaonekana kimefunga, ndani bado. Mfunge kwa kamba fupi kivulini, mahali unapomwona, usitumie waya. Mtoe mara chache kwa siku kwa haja tu, ukimshika. Asiruke, asipande ngazi, asikimbie. Nyuzi za ngozi zinatolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na daktari ndiye azitoe. Mfupa uliovunjika unahitaji majuma 6 mpaka 8, wakati mwingine zaidi. Na kama mguu umekatwa, usilie sana. Mbwa wengi wanaanza kutembea kwa miguu mitatu baada ya siku moja au mbili, na wanaendelea kulinda nyumba kama kawaida.

Kambini hakuna uzio wala chumba cha kumfungia mbwa, na majirani wako hatua mbili. Kwa hiyo zungumza nao mapema. Waambie mbwa kapasuliwa, waombe watoto wao wasimchokoze na wao wasimtupie mabaki. Kama jirani ni Mwislamu na hataki mate ya mbwa yaguse vyombo vyake, heshimu hilo, mfunge upande wako. Wakristo na Waislamu wote wamefundishwa kumhurumia mnyama. Hatutagombana kwa hilo.

Dalili za kukimbia kwa daktari

Shikeni hizi kichwani, na wenye simu waziandike. Fizi za mbwa mzima huwa na rangi ya waridi, isipokuwa wale waliozaliwa na fizi nyeusi. Bonyeza fizi kwa kidole, uachie: rangi inatakiwa kurudi mara moja, ndani ya sekunde mbili. Fizi zikiwa nyeupe, mbwa amelegea na tumbo linavimba, huenda anavuja damu ndani. Usisubiri asubuhi.

Nyingine ni hizi: kidonda kimefunguka au kinatoa usaha na harufu, anatapika tena na tena, hajakojoa siku nzima, hajagusa chakula baada ya siku moja kamili, anapumua kwa shida. Ukiona utumbo umetoka nje, usiusukume ndani kwa mkono. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mzuie asilambe, mpeleke.

Kabla ya kukubali apasuliwe

Mimi si mtu wa kusema kila mbwa apasuliwe. Kabla ya kulipa, muulize daktari maswali manne. Ana nafasi gani ya kupona? Nitalipa jumla ngapi, pamoja na dawa na kurudi kutoa nyuzi? Nani atamwangalia nyumbani, na kwa siku ngapi? Ikishindikana, tutafanya nini? Kama nyumbani hakuna wa kumuuguza, au pesa zinatosha kisu tu bila dawa, ni afadhali kusema ukweli hapo. Na kama mbwa anateseka bila tumaini, kumwomba daktari amlaze kwa sindano si dhambi wala ukatili. Ukatili ni kumtupa kando ya mto Nyamukau akioza akiwa hai.

Kichaa cha mbwa

Siwezi kuongea juu ya kumshika mbwa mwenye maumivu bila kutaja ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kati yao wamo watoto wengi. Karibu mara zote ugonjwa unatoka kwa mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Lakini chanjo inauzuia.

Kwa hiyo mwenye vidonda mikononi asiguse mdomo wa mbwa mgonjwa. Unapoangalia kidonda, mfunge mdomo kwa kitambaa kwa dakika chache, kisha umfungue. Akikuuma, hata kidogo, osha pale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usiende kwanza kwa mtu wa mizizi. Na kama mbwa hajachanjwa, mwulize daktari siku ya kumchanja akishapona.

Tunachoomba

Kwa madaktari wa mifugo wa Bunia, ambao si wengi na wanafanya kazi kwa vifaa vichache: msimkabidhi mtu mbwa kwa maneno matatu ya Kifaransa. Mwelezeni kwa Kiswahili, mwache arudie kwa mdomo wake mwenyewe, mwandikieni namba ya simu na siku ya kutoa nyuzi. Dakika 10 za maelezo zinaokoa kazi yenu ya masaa mawili.

Kwa idara ya mifugo ya jimbo na kwa mashirika yanayosaidia kambi: wahesabuni mbwa pia. Hatuwaombei unga wa watu. Tunaomba chanjo na upasuaji wa kuzuia uzazi, ili mbwa wasiongezeke bila mwenyewe katikati ya vibanda. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Wanaweza kuanzia siku hiyo, Kigonze.

Kwa viongozi wa mitaa: mwenye ndoo aazime, mwenye shati kuukuu atoe, mwenye simu ampigie daktari kwa niaba ya asiye nayo.

Na kwako wewe uliye na mbwa mwenye nyuzi tumboni leo: kabla jua halijazama, nenda ukaangalie kidonda chake. Kiangalie tena kesho asubuhi.